Nimemaliza dedilaini ya ritani za kodi salama lakini sasa kazi haipandi kabisa, mlirudije kwenye mstari?

Mbezi_Mwisho:
Habari za jioni wakuu, niende moja kwa moja. Mi mhasibu, nipo kwenye ofisi ndogo ya mahesabu Upanga, tupo sita tu, wateja wetu ni maduka ya jumla Kariakoo, wenye malori na shule mbili tatu za binafsi. Karibu wote wanafunga mwaka Desemba, maana yake ritani ya mwaka (taarifa ya kodi ya mapato) inatakiwa iwe imeingia TRA, mamlaka ya mapato, ndani ya miezi sita yaani mwisho 30 Juni, na wafanyabiashara wetu mnawajua, mtu anakuletea risiti za mwaka mzima tarehe 18 Juni kwenye mfuko wa rambo (imepigwa marufuku tangu 2019 sijui huwa anaitoa wapi) na nusu ya hizo risiti zimefutika, si mnajua ile karatasi ya EFD (mashine ya risiti) ukiiacha juu ya dashibodi juani inakuwa nyeupe pee kama haijawahi kuandikwa kitu.

Kuanzia katikati ya Mei natoka nyumbani saa 11 alfajiri, narudi saa 5 usiku, Jumapili tatu mfululizo nipo ofisini, ile wiki ya mwisho nimelala kwenye kochi la mapokezi mara mbili. Ya mwisho nimeituma tarehe 30 saa 4 usiku, nikazima kompyuta nikasema alhamdulillah nimevuka.

Bosi akatupa siku nne. Ya kwanza nililala mpaka saa 9 mchana, usiku wake macho kodo mpaka adhana. Ya pili nikahangaika na bomba la nyumbani. Ya tatu msiba Kibaha. Ya nne nilikaa na simu mkononi siku nzima sikumbuki hata nilichokuwa naangalia. Nikarudi ofisini kabla ya Sabasaba, watu wako Kilwa Road kwenye maonyesho na familia zao mi nawaza PAYE (kodi ya mishahara) ya tarehe 7, na hiyo ikipita inakuja VAT tarehe 20, kwahiyo hii kazi haina ile siku ya kusema nimemaliza.

Sasa shida yenyewe. Nafungua eksel naitazama tu kama mtu anayesubiri kivuko. Juzi nimefanya rikoni ya benki ya duka moja (kulinganisha vitabu vya duka na stetimenti ya benki), mistari haifiki 150, ni kazi ya saa mbili, nimeimaliza siku nzima na bado ikawa inagoma kwa 90,000. Nimekuja kuona usiku kwamba niliandika 450,000 badala ya 540,000. Wahasibu mnajua, tofauti ikigawanyika kwa 9 kitu cha kwanza unatafuta tarakimu zilizogeuka, hilo nilifundishwa mwaka wa kwanza chuo na halikunijia kichwani hata kidogo. Ndo kilichonitisha, sio kosa lenyewe.

Nimekonda pia, suruali za ofisi zote nafunga mkanda tundu la mwisho. Bosi kaanza "mbona siku hizi umepoa". Swali langu, nijikaze mpaka akili irudi yenyewe au niombe likizo tena, na nikiomba nafanya nini humo likizoni maana zile siku nne hazijanisaidia chochote? Waliopitia naomba mnisaidie.


Jembe_Halilali:
Vijana wa kiyoyozi bwana. Mi naamka saa 10 usiku nafuata samaki Feri kila siku ya Mungu mwaka wa tisa huu, sijawahi kusikia samaki "hawapandi". Kunywa supu ya pweza rudi kazini.


Mtoto_wa_Ilala:
@Jembe_Halilali na wewe siku ukianza kutoa chenji ya elfu kumi kwa aliyekupa elfu tano usije hapa 😂

Mleta mada nenda Coco Jumapili ukale mihogo na pilipili, kaa pale mpaka jua lizame, simu acha nyumbani. Sitanii, hapo kwenye simu sitanii.


Sista_Zamu:
Kaka pole sana. Mimi nesi, mwaka wa kumi na moja wodini, hospitali sitaitaja. Nimefanya zamu za usiku mpaka nikawa natembea nyumbani kwangu natafuta faili la mgonjwa, kwahiyo unachosema nakielewa kabisa.

Kwanza ule usingizi wa mpaka saa 9 mchana ndo ulikumaliza. Watu wanadhani usingizi ni kama deni la mangi, unakaa miezi miwili hulipi halafu siku moja unaenda na noti unafuta daftari lote. Mwili haulipwi hivyo. Ukilala mpaka mchana ile saa ya ndani ya mwili inasogea, usiku unakodoa macho, kesho unaanza upya. Unachotakiwa ni kuamka saa ileile kila siku hata Jumapili, utoke nje upigwe na mwanga wa asubuhi, kulala ndo uvute nyuma, kama ulizoea saa 6 panda kitandani saa 3 na nusu. Ukizidiwa mchana jilaze dakika ishirini, usipitishe nusu saa na usilale baada ya saa 9, ukizama sana utaamka umechoka kuliko ulivyolala. Na kahawa, najua nyie wa maofisini mnazinywa kama maji. Baada ya saa kama tano hivi nusu yake bado ipo mwilini, kwahiyo ile unayokunywa saa 11 jioni ili umalizie kazi, saa 4 usiku nusu bado iko na wewe kitandani.

Pili nenda kapime. Naomba usiende duka la dawa ukasema "nahisi malaria na taifodi" ukapewa mfuko, hapa Dar uchovu wowote ukishaitwa taifodi au UTI umeisha. Nenda sehemu wakupime wingi wa damu, sukari, presha, na ukimwambia daktari umekonda bila kupanga ataangalia na vingine mwenyewe, usimwandikie orodha. Nimeona watu wanajiita wavivu mwaka mzima kumbe damu haipo.

Tatu, hili nakuandikia taratibu. Kuna kuchoka, kuna kuchoshwa na kazi, na kuna sonona. Ya katikati hiyo WHO mwaka 2019 waliielezea kwenye orodha yao ya magonjwa, ila walisema wazi yenyewe sio ugonjwa, ni hali inayotokana na stresi ya kazini ya muda mrefu isiyodhibitiwa, na dalili walizotaja ni tatu, nguvu kuisha, moyo kuichukia kazi au kuiona ya kipuuzi, na kuona hufanyi la maana. Wewe naona unayo ya kwanza na ya tatu. Ila kama wiki mbili zimepita na hata vitu visivyo vya kazi havikupi raha, mpira huutaki, watu huwataki, chakula hakipiti, au unapata mawazo kwamba heri usingekuwepo, hapo usisubiri ushauri wa mtandaoni, nenda hospitali useme hivyohivyo bila kupamba. Muhimbili wana idara ya afya ya akili na watu wanatibiwa wanarudi kazini kila siku, nawaona.

Hiyo suruali imenifanya niandike yote haya. Kapime.


Mbezi_Mwisho:
@Sista_Zamu asante dada, kwa kweli mpira bado nautaka (ingawa msimu umeisha), na nyumbani nacheka na watoto vizuri. Ni nikikaa mbele ya ile kompyuta tu kama kuna mtu kanizima swichi. Nitapima wiki hii.


Fundi_Mkunguni:
Mdogo wangu, mi sio msomi wa mahesabu, mi fundi cherehani Kariakoo huu mwaka wa 26, ila ulichoandika hapo juu nakijua kama njia ya nyumbani kwangu.

Sisi dedilaini yetu ni Idi. Ramadhani ikiingia kumi la mwisho hakuna kulala, baada ya tarawehe ndo kazi inaanza, tunashona mpaka daku, kila mtu anataka nguo ya mtoto na haujui mtoto wa nani utamwambia hapana. Idi yenyewe inanikuta nimelala msikitini nimeegemea nguzo.

Mwaka mmoja zamani kidogo nilifungua siku ya tatu tu baada ya Idi kwasababu nilikuwa na sare za sendoff, akina mama kumi na wawili gauni la aina moja, kitambaa wamenunua wenyewe. Nikajiona mzima kabisa. Nilikunywa chai nikawasha redio nikashika mkasi. Nimekata gauni nne ndo kijana wangu akanambia, mzee mbona mikono yote ya kulia. Yaani nimekata mikono minane yote ya upande mmoja, na kitambaa kilikuwa cha maua yana kichwa na miguu huwezi kukigeuza. Nikafunga banda nikazunguka Kariakoo mtaa kwa mtaa na kipande mkononi, lile toleo limeisha, nikapata kwa mtu mmoja tu aliyekuwa anajua nimekwama na bei akanipa ya mtu aliyekwama. Faida yote ya kumi la mwisho ilienda pale.

Sikukosea kwasababu sijui kukata. Mwili ulikuwa umeamka, jicho halijaamka, basi. Na ubaya wake jicho haliumi, mgongo ukichoka unaumia unajua, jicho la kazi likichoka lenyewe halikwambii kitu.

Toka hapo nina utaratibu wangu na vijana wangu wote wanaujua. Baada ya Idi nafunga siku sita, siongezi sipunguzi. Siku ya kufungua sishoni kitu. Nafungua cherehani, nang'oa kile kibati, chini ya meno pale kuna vumbi la nyuzi limejaa mpaka limekuwa kama godoro, nasafisha, natia mafuta, nabadilisha sindano, natazama mkanda. Jioni naenda nyumbani. Halafu wiki nzima nafanya kazi za kufumulika tu. Zipu, kubana suruali, kupandisha pindo, vifungo, viraka. Kazi ambayo nikikosea nafumua narudia, hasara yake ni uzi na dakika kumi. Mkasi sigusi wiki nzima, akija mtu na kitambaa kipya nampokea nampima vipimo naandika, namwambia njoo wiki ya mbele, akikataa aende, mafundi wako wengi.

Na zile zipu zinanirudisha. Siku ya kwanza nafanya tatu nachoka, ya pili sita, ikifika ya tano mkono unaanza kwenda wenyewe bila kuuambia, hapo najua.

Kwahiyo mi nakuuliza wewe, kwenye hayo mahesabu yako ipi ni kazi ya mkasi na ipi ni ya kufumulika? Maana nahisi umerudi ukashika mkasi siku ya kwanza.


Mtoto_wa_Ilala:
Mikono minane ya kulia 😂😂😂 Fundi Mungu akupe maisha marefu


Afisa_Utumishi:
Niongeze upande wangu, mi nafanya kazi ya rasilimali watu. Watu wanashukuru siku nne za bosi kama vile kapewa kanzu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 saa za kawaida ni 45 kwa wiki, 9 kwa siku, ovataimu isizidi saa 50 katika mzunguko wa wiki nne na inalipwa mara moja na nusu, na kila wiki lazima kuwe na mapumziko ya saa 24 mfululizo. Likizo ya mwaka ni siku 28. Sasa wewe saa 12 asubuhi mpaka saa 3 au 4 usiku na Jumapili tatu juu yake, piga hesabu mwenyewe si ndo kazi yako.


Jembe_Halilali:
Hahaha nenda na hiyo sheria mkononi ofisi ya watu sita, kesho mtakuwa watano.


Afisa_Utumishi:
@Jembe_Halilali sijamwambia aende na kifungu. Aende na kalenda. Kwa alivyoeleza ana dirisha moja mwezi huu, VAT ikishapita tarehe 20 mpaka PAYE ya tarehe 7 inayofuata hapo katikati hakuna kinachoungua. Aombe siku kumi za likizo yake ya mwaka kuanzia tarehe 21, aandike nani atashika nini akiwa hayupo, bosi asione pengo. Ukienda kwa bosi unasema "nimechoka" anasikia uvivu, ukienda na karatasi yenye tarehe anasikia mpango. Na mwakani hao wateja wapewe tarehe yenu ya ndani ya kuleta risiti, tuseme mwisho wa Aprili, atakayechelewa alipe zaidi. Mkipokea mfuko tarehe 18 Juni bila kununa atauleta tarehe 25 mwakani.


Posta_Mpya:
Mi nifupi tu. Nilipata hii baada ya kufunga mfumo mpya ofisini kwetu (mtu wa kompyuta mimi). Kilichonisaidia ni kuzima magrupu ya wasap ya kazi. Nilikuwa naenda likizo na grupu mfukoni, nipo kijijini nakunywa togwa huku naangalia seva imeanguka Dar. Hiyo sio likizo ni kuhama ofisi. Mwenzangu mmoja nikampa namba ya simu ya mke wangu, nikamwambia jengo likiungua piga. Hakupiga.


Mbezi_Mwisho:
Wakuu nimerudi kutoa mrejesho, wiki moja na nusu imepita.

Dada @Sista_Zamu nimepima. Sukari sawa, presha sawa, damu 11.2, daktari anasema mwanaume inatakiwa 13 kwenda juu. Hakunipa vidonge vya damu nikaondoka, alitaka kwanza ajue inapotelea wapi, nimerudi na kipimo cha choo na kingine sikukielewa jina, majibu nafuata Alhamisi. Akaniuliza mchana nakula nini, nikamwambia chai na maandazi mawili kwasababu nilikuwa sina muda wa kushuka ngazi, akanitazama tu. Kwahiyo kumbe nilikuwa najilaumu roho na mwili wenyewe hauna mafuta.

Kuamka saa ileile nimejitahidi, Jumapili ya kwanza niliivunja ila ya pili nimeamka saa 12 nikatembea mpaka sokoni, kipupwe hiki asubuhi Mbezi kuna baridi tamu. Usingizi umerudi, sio wote.

Sasa @Fundi_Mkunguni, shikamoo mzee wangu. Swali lako nimelala nalo. Nilikaa nikachora mstari katikati ya karatasi. Mkasi kwangu ni kutuma kitu TRA, kumshauri mteja kuhusu kodi, na kusaini hesabu. Kufumulika ni kuingiza risiti, kupanga mafaili, kubandika namba kwenye vocha za malipo, kufuatilia stetimenti za benki. Ni kweli nilirudi nikashika mkasi, siku ya kwanza tu niliandika barua ya kumjibu mteja kuhusu makadirio yake ya kodi, nimeisoma juzi imejaa mambo ya ajabu, bahati hakuielewa. Nikamuomba mwenzangu wa meza ya pembeni tubadilishane wiki moja, yeye aangalie vya kutuma mi nimfanyie mafaili yake yote ya tangu Januari. Alifurahi sana maana hayo mafaili hakuna anayeyataka. Siku ya kwanza nimepanga wateja wawili nikachoka kama nimebeba zege. Ijumaa nilipanga saba na saa ya chakula ikanipita bila kuiona (nikala baadaye dada usinifokee).

VAT ya tarehe 20 nimeandaa mimi, mwenzangu kapitia kabla haijaenda, kakuta kosa moja dogo. Moja sio minane.

Likizo nimekwenda na kalenda kama @Afisa_Utumishi alivyosema. Bosi kakaa kimya muda mrefu, akauliza "kumi?" nikasema kumi, akasema nane. Nimechukua nane. Kuna mmoja ofisini kaninunia anasema na yeye kachoka mbona haombi, nikamwambia omba, kanuna zaidi. Kesho kutwa naenda Korogwe kwa mama na magrupu nimeshayazima, hapo @Posta_Mpya nimekusikia.

La wateja na mwisho wa Aprili bosi kasema "tutaliangalia". Mnajua maana yake.

Fundi nikirudi naomba nielekeze banda lako nilete zile suruali unibanie, naona aibu kutembea nimeshika kiuno.


Fundi_Mkunguni:
Marahaba mwanangu. Suruali usilete. Nikibana sasa hivi mwezi wa tisa unarudi nifumue, nitakuwa nimekula hela yako mara mbili. Nenda Korogwe kwa mama kwanza, ukirudi bado zinavuka ndo uje, Mkunguni uliza tu fundi mwenye redio.


Sista_Zamu:
Na majibu ya Alhamisi uchukue kabla hujapanda basi.